Simu Mbili kwa Moja

Kila asubuhi nyumbani kwetu Kumasi, Ghana, ilianza na sauti ya mdogo wangu Dufie. Dufie mwenyewe tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma. Sauti yake ilikuwa kwenye simu ya mumewe, Oteng.

Binti yao, Adoma, ana miaka saba. Akiamka tu, alikuwa anakimbilia kitanda cha baba yake.

"Baba, nipe Mama."

Oteng anampa simu. Mtoto anaketi kwenye ngazi ya ua, anaiweka simu sikioni.

"Adoma wangu, umeamka? Umepiga mswaki? Usinidanganye. Fungua mdomo nione."

Na mtoto, jamani, alikuwa anaufungua mdomo!

Dufie alilazwa hospitalini Accra wiki sita. Kila siku alimtumia mtoto wake ujumbe wa sauti, kutoka simu yake kwenda simu ya Oteng. Arobaini na moja kwa jumla. Mimi ni dada yake mkubwa, naitwa Birago. Tunaishi ua mmoja, mlango kwa mlango. Sauti zile nilizisikia kila siku nikikoroga uji, na nyingine nilikuwa nimezishika kichwani.

Sasa nimseme kidogo shemeji yangu. Oteng si mtu mbaya. Ila kwa vifaa vipya, yule ni mgonjwa. Saa inayohesabu mapigo ya moyo, anayo. Spika inayojibu ukiiuliza swali, anayo. Pete inayopima usingizi ilikuwa kidoleni mwake hata siku ya mazishi. Ana ukurasa wake mtandaoni. Huko anafungua maboksi ya vifaa vipya na kuwaambia watu kipi kizuri, kipi takataka. Maelfu wanamfuata. Mtaani kwetu, mtu simu ikimsumbua, anaambiwa nenda kwa Oteng.

Dufie alipofariki, ugonjwa huo ukazidi. Kila wiki boksi jipya. Nilijua anaikimbia huzuni yake, nikamwacha.

Jumamosi moja alirudi kutoka kwenye maduka ya simu kule Adum. Uso wake uling'aa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Shemeji, njoo uone!"

Akatoa simu inayokunjwa kama daftari. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena.

"Nzuri," nikasema. "Umeipataje?"

"Tumebadilishana. Nimetoa ile yangu, nikaongeza na ile ya Dufie iliyolala tu pale mezani. Simu mbili kwa moja!"

"Umempa mtu simu zenye mambo yako yote?"

"Aa, shemeji! Wale wana utaratibu. Simu inafutwa mbele ya macho yako, mtu asije akachezea siri zako. Nimebonyeza mwenyewe, kwa kidole hiki."

"Na sauti za Dufie?"

Akacheka. "Acha ushamba, shemeji. Laini ni ileile. Namba ni ileile. Nikifungua tu, kila kitu kinarudi."

Mimi nani hata nimfundishe mtaalamu?

Jumapili asubuhi Adoma alikimbilia kitanda cha baba yake.

"Baba, nipe Mama."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Inapakua."

Mtoto akangoja. Nami nikaanza kupiga pasi nguo za kanisani. Nikamsikia tena.

"Baba, bado?"

"Ngoja."

Nilichungulia mlangoni. Oteng alikuwa anazima simu, anawasha. Anatoa laini, anarudisha. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni na jua halijachoma bado. Mwisho akaketi sakafuni.

"Oteng," nikasema, "usiniambie."

"Hazipo, shemeji. Hakuna hata moja."

Hapo nikapandwa na hasira, sifichi. Nikampigia kelele, ua mzima ukasikia. Nilimwambia, "Umemzika mdogo wangu mara ya pili!" Neno hilo najuta kulisema. Maana nilipogeuka, Adoma alikuwa nyuma yangu. Hakulia. Alienda kwenye ngazi yake akaketi, mikono mitupu mapajani. Siku hiyo hakupiga mswaki, wala hakuna aliyemlazimisha.

Jumatatu Oteng alikimbilia Adum. Simu ya Dufie ilikuwa imekwisha nunuliwa na msafiri, na hakuna aliyemjua. Simu yake mwenyewe bado ilikuwa kwenye kabati la kioo. Mwenye duka alimwonea huruma, akamwazima. Tukaipeleka pamoja kwa jirani yetu Rahina. Huyu ni mama wa mtaa wa Zongo, anatengeneza simu na kufundisha kompyuta hapohapo kibandani kwake.

Rahina aliiunganisha simu na kompyuta. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani.

"Kaka Oteng, nikuambie ukweli au nikupe moyo?"

"Ukweli."

"Hazirudi. Simu za siku hizi hufunga kila kitu kwa ufunguo wa siri. Ukiifuta simu kabisa, ufunguo unakufa. Hata kama mabaki yapo humo, hakuna wa kuyafungua. Usije ukadanganywa na mtu akakuambia anaweza."

"Lakini laini ni ileile!"

"Laini imebeba namba yako tu. Haikubeba sauti. Sauti zinakaa ndani ya simu yenyewe. Na zinakaa mtandaoni, kama uliziwekea nakala ya akiba."

Oteng akaruka kitini. "Niliweka! Inajihifadhi yenyewe kila wiki!"

Rahina akamsogezea ile simu mpya. "Haya, fungua hapa. Nakala yako ya mwisho ni ya lini?"

Oteng akasoma. Akasoma tena.

"Ya miezi kumi iliyopita," akasema.

"Nafasi yako ilijaa. Umejaza video za maboksi. Tangu hapo hakikuingia kitu. Hukuona onyo?"

"Niliona. Nilikuwa nalifunga. Nasema, nitaangalia baadaye."

"Wengi hulifunga," alisema Rahina taratibu.

"Lakini hiyo ya miezi kumi si ipo? Tuirudishe! Hata sauti mbili, Rahina. Hata moja!"

Hapo nikajibu mimi. "Miezi kumi iliyopita Dufie alikuwa nyumbani na sisi. Nani humtumia sauti mtoto anayekula naye sahani moja?"

Oteng akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti. "Mimi ndiye ninayefundisha watu," akasema. "Mimi!"

Nami nina langu la kusema. Kwetu, mtu akifa, vitu vyake haviguswi mpaka mwaka utimie. Ukoo wa mama yake ndio unaovigawa. Kazi hiyo niliifanya mimi. Nilihesabu vitenge vya Dufie kimoja kimoja. Nilihesabu hereni, viatu, mpaka mkasi wake wa kushonea. Nikavifungia kwenye sanduku, ufunguo nikauning'iniza shingoni. Simu nikaiacha mezani. Niliiona kwa macho yangu, nikasema moyoni, hiyo ni mashine tu. Ningeifungia humo na vitenge, leo ningekuwa nayo. Basi niache kumpigia kelele Oteng peke yake.

Nilimwambia Rahina hayo yote. Akanishika mkono. "Pole, Mama Birago. Si ninyi tu. Watu wanafungia nguo, na sauti wanaiacha nje."

"Sasa tufanyeje?" nikamuuliza.

"Mtu akitaka kuachana na simu, aanze na nakala. Moja mtandaoni, moja kwenye kompyuta au flashi, na moja nyumba nyingine kabisa. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, moja itabaki. Halafu, na hapa ndipo wengi hukosea, azifungue hizo nakala kwenye kifaa kingine. Asikilize kwa masikio yake. Akishazisikia, ndipo afute ile simu ya zamani. Kufuta ni vizuri, Kaka Oteng, hukukosea kufuta. Ulikosea kuanza na kufuta."

Kisha akauliza, "Dufie alikuwa na marafiki?"

"Wengi. Wa kwaya."

"Sauti alizowatumia wao ziko kwenye simu zao. Waulizeni leo. Kesho mtu anaweza kuifuta yake."

Tulizunguka siku tatu. Wengi walikuwa wamefuta. Konadu, aliyekuwa akiimba naye sauti ya kwanza, alikuwa nazo kumi na moja. Rahina akatutolea nakala.

Adoma alizisikiliza akiwa amekaa mapajani pangu. Mama yake alikuwa anamgombeza Konadu kwa kuchelewa mazoezi. Alikuwa anacheka. Alikuwa analalamika bei ya uzi.

"Mama mkubwa," Adoma akaniambia, "Mama haongei na mimi."

"Ngoja, mwanangu."

Kwenye sauti ya tisa, Dufie akasema, "Konadu, nisubirini, namfunga Adoma viatu." Basi. Maneno hayo tu. Mtoto aliyarudia mpaka chaji ikaisha. Zile arobaini na moja hazikurudi, na hazitarudi.

Oteng alilitangaza kosa lake kwenye ukurasa wake. Hakuonyesha kifaa chochote siku hiyo. Alieleza alivyofanya, na jinsi ya kutazama tarehe ya nakala ya mwisho. Wako waliomtukana. Wengine wengi walimwandikia kwamba wametazama, wakakuta nakala zao zimesimama tangu mwaka jana. Zile sauti kumi na moja ziko mtandaoni, ziko kwenye flashi kwa Rahina, na ziko kwenye kompyuta ya Konadu. Kila mwanzo wa mwezi tunazifungua tusikie kama zipo. Na katika ukoo wetu sasa, mtu akifa, simu yake inafungiwa sandukuni pamoja na vitenge. Mwezi uliopita alifariki mjomba wetu. Wanawe wanazo picha zake zote.

Wiki iliyopita Adoma alikuja jikoni na simu ya baba yake.

"Mama mkubwa, sema kitu. Nakurekodi."

"Nikuambie nini, we mtundu? Ondoka hapa, utaungua!"

"Imetosha," akasema, akaenda kwa baba yake. Oteng alikuwa anafua uani.

"Baba, na wewe sema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Kabla hujafa."

Oteng aliacha kufua. Alifuta povu mikononi. Akafungua mdomo, "Adoma wangu..." Sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikamkatika tena. Nilitaka kwenda kuichukua ile simu, nikajizuia. Mtoto aliendelea kuishika mbele ya uso wa baba yake mpaka alipomaliza kulia.

"Futa hiyo, mwanangu," Oteng akasema. "Nitasema nyingine nzuri."

"Hapana, Baba," Adoma akamjibu. "Hiyo nimeshaihifadhi."