Kuvimba Si Kunenepa

Miaka ile wakimbizi walipojaa Ngara, maharage yalikuwa mali. Generoza na mumewe Audax walivuna, wakapeleka yote kambini, wakarudi na unga wa mahindi. Nyumbani kukawa uji mweupe asubuhi, ugali mchana, ugali tena jioni, na mboga kidogo ya kusindikizia. Walishiba, wakamshukuru Mungu.

Mtoto wao Teddy alikuwa ameachishwa ziwa mapema, kwa sababu mama yake alikuwa mjamzito. Lakini mashavu yake yalijaa, na miguu ilituna. Bibi yake, mzee Adelfina, alimbeba kwenda misa kila Jumapili ili watu wamwone.

"Tazameni mjukuu wangu alivyonona!" alijigamba. "Unga wa kambini huo!"

Generoza alicheka pamoja nao, ila moyo wake haukutulia. Mtoto gani mnene hachezi? Teddy alikaa pale pale alipowekwa, akilialia. Nywele zake nyeusi zilikuwa zikigeuka nyekundu. Chakula alikisukuma.

Kisha Teddy akashikwa na kikohozi. Generoza akamfunga mgongoni, akaenda naye zahanati ya kambini, ambayo ilitibu wanakijiji pia. Alipokewa na mhudumu Nkeshimana, mama wa Kirundi aliyekimbia vita. Nkeshimana alisikiliza kifua. Kisha akapima mkono wa mtoto kwa utepe, akashika na miguu.

"Dada, mtoto anakohoa, miguu ya nini?" Generoza aliuliza kwa ukali kidogo.

"Mama Teddy, siku hizi hapa kila mtoto tunamtazama lishe yake. Awe amekuja kwa homa, kwa kikohozi au kwa chanjo. Zamani tulitibu kikohozi tu, mtoto akarudi nyumbani kufa kwa utapiamlo."

Akabonyeza kidole gumba juu ya mguu wa Teddy, akatulia kidogo, akakiondoa. Shimo likabaki.

"Mtoto mnene ukimbonyeza, nyama hurudi. Haya ni maji. Mwanao hajanenepa, amevimba."

Generoza alibonyeza mguu wa pili kwa kidole chake mwenyewe. Shimo likabaki. Machozi yakamtoka.

"Lakini anashiba! Hatujalala njaa hata siku moja!"

"Anashiba unga. Unga peke yake haujengi mwili. Kwenu mnalima nini?"

"Maharage."

"Na yeye anayala?"

Generoza akakumbuka magunia waliyobadilisha kwa unga. Maharage yote yalikuwa huku kambini. Pengine hata Nkeshimana alikuwa ameyala.

Teddy alilazwa katika kituo cha lishe, kando ya zahanati. Alipewa dawa, na maziwa maalumu kidogo kidogo, mchana na usiku. Uvimbe ukaanza kushuka. Adelfina alipokuja kumwona, akampigia Generoza yowe.

"Wamemkondesha! Mlete nyumbani mtoto!"

"Shikamoo, bibi," alisema Nkeshimana.

"Marahaba. Mjukuu wangu mnene mmempeleka wapi?"

"Ndiye huyu. Yaliyotoka ni maji. Mkimchukua sasa, mtampoteza. Tuachieni tumnenepeshe kwa chakula."

Adelfina akainama amtazame vizuri. Teddy akanyoosha mkono, akakamata rozari iliyokuwa shingoni mwa bibi, akaivuta kwa nguvu. Kwa muda mrefu alikuwa hajataka kushika kitu chochote.

"Ee Mungu," Generoza alisema huku akilia, "asante kwa wembamba huu."

Teddy aliporudi nyumbani, Audax alitenga gunia la maharage. "Hili halitoki," alisema. Generoza alifuata mafundisho ya Nkeshimana. Alimpondea Teddy ndizi na maharage, akamtilia dagaa wa kusagwa kwenye uji, akampa mchicha na parachichi katika sahani yake mwenyewe. Na yeye mwenyewe, akiwa mjamzito, alikula vilevile.

Mavuno yaliyofuata, alikwenda zahanati na kikapu cha maharage kichwani. Teddy alitangulia mbele, akikimbia.

"Nikupe unga kiasi gani?" Nkeshimana aliuliza.

"Haya hayabadilishwi kwa unga. Ulinirudishia mwanangu. Kula, dada yangu."

Naye mzee Adelfina bado huwahi misa kila Jumapili. Lakini akiona mtoto wa mashavu yaliyojaa, hamsifu upesi. Kwanza humbonyeza mguu.