Samaki Wanaobusu Vidole

Kila Jumamosi, Emmanuella aliosha magunia yaliyotoka machimboni yakiwa na vumbi la sumu la madini, ili mama yake ayajaze makaa ya kuuza sokoni Kikula. Kuosha hakukuwa taabu. Taabu ilikuwa kuteka maji kijitoni, kuyapandisha kwa beseni hadi nyumbani, na kumwaga machafu katika shimo lililochimbwa nyuma ya nyumba. Jumamosi hiyo uvivu ulimshika. Aliyateremsha magunia yote hadi kijitoni, akayasugua humo humo.

Maji yakageuka kijani, kisha kijivu.

"Ee, weye!" jirani yao Merdi alimtania kutoka ng'ambo. "Unapikia samaki supu ya mawe?"

Emmanuella akacheka. Mara akaona samaki wadogo wenye mkia mwekundu wakielea, matumbo juu. Akakusanya magunia, akakimbia.

Kesho yake, baada ya ibada, bibi yake, Kaku Philomène, aliwasili kutoka Kapolowe. Hakuketi hata kunywa maji.

"Twende kwanza nisalimie badogo yangu," alisema.

Wadogo hao walikuwa samaki wale wa mkia mwekundu: Kaku alipokuwa msichana, walijaa vijito vyote vya hapa. Mama yake alimfundisha kutumbukiza mkono na kutulia, nao wangekuja kumbusu vidole. Vijito vingine vimekufa. Hiki ndicho kilichobaki.

Kaku alipiga magoti, akatumbukiza mkono wake wenye mikunjo. Akangoja. Akangoja tena. Hakuja hata mmoja.

"Pengine bamenisahau, mutoto yangu," alisema taratibu. "Nimezeeka. Mukono yangu haiko na tamu tena."

Emmanuella alikuwa ameandaa jibu: ni wachimbaji walioyachafua maji. Lakini alipoutazama ule mkono mtupu majini, akaliacha.

"Hapana, Kaku. Haiko weye. Ni miye. Niliosha magunia humu."

Kaku aliutoa mkono majini. Kisha akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Basi tupande juu, kule maji yanatoka."

Kwenye chemchemi, kati ya matete, maji yalikuwa maangavu. Kaku akatumbukiza mkono. Mkia mwekundu mmoja ukachungulia, ukafuatwa na mwingine. Wakambusu vidole, naye akacheka kama msichana.

Tangu hapo Emmanuella huosha magunia nyumbani na kumwaga machafu shimoni, na Merdi humsaidia kupandisha maji. Mvua zilipokwisha kukisafisha kijito, samaki waliteremka tena.

"Ungenidanganya," Kaku alimwambia aliporudi kuwaona, "ningeenda Kapolowe nikilaumu uzee wangu, na weye ungerudi hapa na magunia yako. Kosa ukilificha, linaendelea kuua. Ukilisema, tunajua pa kuanzia kulitengeneza."