Shamba la Kichwani

Sogeeni karibu, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele hakuchekeki.

Palikuwa na msusi mmoja, watu wakimwita Mwepesi kwa ile mikono yake. Kichwa ambacho wenzake walikisuka kutwa, yeye alikimaliza chai haijapoa. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga: kioo chenye ufa, viti viwili, mkeka, na ndoo ya maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta. Chumba cha nyuma alilala yeye na bintiye wa miaka minane. Mume alishaenda zake, tumwache huko huko aliko.

Siku hiyo, saa saba mchana, akaingia mteja asiyemjua. Mwanamke mrefu, amejitanda kanga, kaja na nywele zake mwenyewe za kuunganishia, kazifunga kwenye kitambaa cheupe. Mwepesi akazishika, akashtuka. Zilikuwa za baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji, na jua lile nje lilikuwa la kuyeyusha lami.

"Shoga, hizi umezitoa wapi? Nzuri hizi!"

"Ni za kwetu. Suka. Zitakazobaki nirudishie, hata unywele mmoja."

"Wala usiwe na wasiwasi."

Akasuka. Na sasa sikilizeni kosa. Kila msusi ana mkono huo: zikibaki rasta kidogo, anazikunja anazisukumia mfukoni mwa aproni. Mteja hajui, na msusi naye anapata za kujisukia. Mkono ulishazoea, ukaenda wenyewe. Mteja akasimama, akauliza, "Zimebaki?"

"Zimeisha zote, shoga. Kichwa chako kikubwa!"

Yule mteja hakucheka. Akamtazama msusi, si usoni, bali kichwani. "Haya," akasema. "Nitakuja kuchukua." Akatoka. Chumba kikabaki kinanuka nywele zilizoungua, na siku hiyo hakuna aliyekuwa amechoma chochote.

Jumapili yake Mwepesi akajisuka, zile za mfukoni akaziunganisha mbele, karibu na utosi. Zikamkaa, zikampendeza kweli kweli. Wiki mbili baadaye binti alikuwa akimfumua.

"Mama, hapa pana duara."

"Duara gani?"

"Hapana nywele. Panateleza kama yai."

Dada mkubwa wa Mwepesi, mwanamke asiye na breki mdomoni, akaja kutazama. "Mapunye haya! Mapunye ya uzeeni! Msusi mwenye vipara, nani atakuletea kichwa chake?" Wakacheka wote watatu. Lakini juma lililofuata maduara yalikuwa manne, na wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara.

Ndipo akaenda kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mpole mwenye miwani minene. Daktari akampapasa kichwa.

"Si mapunye, mama, wala huambukizi mtu. Kinga ya mwili wako inaishambulia mizizi ya nywele. Tutakuchoma sindano za steroidi, dawa ya kuituliza hiyo kinga, humo humo kwenye maduara, kila baada ya wiki sita. Utavumilia?"

"Nimezaa, daktari."

"Haya. Wengi husema hivyo."

Sindano yenyewe ni fupi, nyembamba, ukiiona utaidharau. Lakini haichomwi moja. Duara moja linachomwa mara kumi, mara kumi na mbili, na kila tundu linaacha kivimbe cheupe, na kichwani hakuna nyama ya kupokea maumivu, yanagonga mfupa. Mwepesi alishika kingo za kitanda, machozi yakimtoka bila sauti.

Na dawa ilifanya kazi, daktari wa watu tusimsingizie. Mara ya pili vinyweleo vikachomoza, mara ya tatu maduara yote yakajaa nywele nyeusi, laini kama za mtoto mchanga. Mwepesi akafurahi siku moja.

Siku ya pili, saa saba mchana, saluni tupu, amekaa mkekani anachambua rasta, ikaja ile harufu ya nywele zilizoungua. Kisha magoti mawili yakambana mabega kwa nyuma, huku moja na huku moja, vile vile yeye anavyombana mteja aliyekaa chini asukwe, na chanuo likapita kichwani polepole, likigawa mistari, na vidole vya baridi vikaanza kutafuta zile nywele changa, duara kwa duara, vikizishika na kuzing'oa bila haraka, huku yeye shingo imekataa kugeuka na mdomo umekataa kufunguka, akisikia watoto nje wanacheza na mwanamke wa jirani anasugua sufuria, akajua hata akifa pale hakuna atakayenyanyua kichwa. Magoti yakalegea. Kwenye kioo alikuwa peke yake, maduara meupe tena.

"Ni yule mteja, dada," akamnong'oneza mkubwa wake.

"Shh! Usimtaje." Na yule dada wa maneno mengi akajitanda kanga, akatoka mbio.

Akamletea mtaalamu, mzee wa kutoa majini. Mzee akaweka kiganja juu ya utosi wa Mwepesi, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Huyu simtoi," akasema kwa sauti ndogo. "Hakukaa ndani yako. Anakuja na kuondoka, kama mtu na shamba lake. Ulichukua chake?"

"Kidogo tu, baba. Na zile nilizojisuka zilishatoweka zote, sasa nimrudishie nini?"

"Basi atavuna mpaka atosheke."

"Atatosheka lini?"

Mzee alikuwa ameshavaa viatu.

Mwepesi akapiga hesabu yake. Sindano ndizo zinazootesha. Akiacha sindano, shamba litakuwa kavu, na mvunaji atachoka. Akaacha kwenda kliniki. Kukawa kimya wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Akaanza hata kuimba akifagia. Kisha siku moja binti akarudi kutoka shule, anajikuna nyuma ya sikio.

"Mama, nani alikuwa ananichana darasani? Mikono yake ya baridi."

Mama akamgeuza. Duara, dogo, la ukubwa wa ncha ya kidole.

Hakufunga hata mlango. Alifika kliniki miguu peku. "Nichome, daktari. Nichome kila mahali." Akachomwa, nywele zikaota, zikavunwa, na duara la mtoto likajaa lenyewe. Akaelewa masharti bila kuambiwa.

Miaka miwili alikwenda hivyo. Kila wiki ya sita kitandani kwa daktari. Kila nywele zilipokomaa, saa saba mchana, alifunga mlango na kukaa mkekani mwenyewe, akingoja magoti. Mtoto akakua na nywele nyingi, nzuri, na mama akazisuka akilia kimoyomoyo kwa shukrani.

Mpaka siku daktari alipompapasa kichwa akaiweka sindano chini.

"Mama, ngozi imekonda. Imebonyea, gusa hapa. Sikuchomi tena. Tupumzike mwaka mzima."

"Moja tu, daktari. Nakushika miguu."

"Nywele si uhai, mama yangu. Funga kilemba, utapendeza."

Akaenda kliniki ya pili, akaenda ya tatu. Kila aliyemgusa alitikisa kichwa.

"Tumnyoe mtoto," dada mkubwa akasema wiki ya tano bila sindano ilipokwisha. "Tumnyoe kwa wembe, kusiwe na cha kuchukua."

Wakamnyoa, mtoto analia nywele zake, mama analia, dada analia ameshika wembe. Kichwa kikang'aa. Ilipokaribia saa saba wakafunga mlango kwa komeo, wakasogeza viti viwili mlangoni, wakakaa chini watatu. Mama alikaa mbele ya bintiye, uso kwa uso, akakifunika kile kichwa kitupu kwa viganja vyake vyote viwili.

Harufu ikaja kwanza.

"Usitikisike, mwanangu. Mama nipo."

"Sitikisiki. Ila mama," mtoto akanong'ona, "mbona mama mkubwa ananibana kwa magoti?"

Dada mkubwa alikuwa pale mlangoni, mkono mdomoni. Nyuma ya mtoto hapakuwa na mtu. Mwepesi akazidi kukandamiza viganja, akaomba, akaita kila jina alilofundishwa kuliita, akasema nichukue mimi, chukua ngozi, chukua mfupa, na chini ya viganja vyake, kwenye kichwa kilichonyolewa asubuhi ile ile, akahisi nywele zinaanza kuota, upesi, upesi, zikipenya katikati ya vidole vyake, zinarefuka, zinakomaa.