Kikombe cha Maziwa Kabla ya Ganzi

Wewe unayesoma, nitegulie hili: mto gani hawaunywi ng'ombe wala ngamia, lakini ukiziba kifuani, uso unafura? Ukishindwa nakwambia. Ni mshipa mkubwa wa damu.

Bisharo wa Kulamawe alizibwa mshipa huo. Figo zake zilikufa, akawa anasafishwa damu kwa mashine mjini Isiolo, kupitia mpira uliotiwa kifuani. Mpira ulikaa sana, mshipa ukaziba. Uso na shingo vikafura. Akilala chali, pumzi inakatika. Na mashine ikashindwa kumsafisha vizuri.

Asubuhi ya kuzibuliwa mshipa, alikatazwa kula na kunywa. Mumewe Waqo akaja wodini na maziwa ya ngamia. Akammiminia Ubah, mke mdogo.

"Kunywa, umechoka kumwangalia mwenzako."

Bisharo akageukia ukuta. Mgonjwa ni yeye, kikombe ni cha Ubah. Ubah alipotoka kupokea simu, Bisharo akayamaliza.

Akaja Kinanu, daktari wa usingizi, akamsalimu Bisharo. "Habari, Mama Jillo. Umekunywa kitu leo?"

"Hapana."

Ubah akarudi. "Maziwa yangu yako wapi?"

"Uliza paka," Bisharo akasema.

Kinanu akaona povu mdomoni mwake. "Mama, maziwa ni chakula. Nikikupa dawa tumbo likiwa na kitu, unaweza kutapika, yaingie kwa mapafu, ufe. Niambie ukweli."

"Basi, nimekunywa."

"Dada, kwa nini?" Ubah akauliza.

Bisharo akajifuta povu mdomoni.

Wakangoja mpaka alasiri, tumbo liwe tupu. Alipoambiwa atatiwa ganzi tu, Bisharo hakutulia. "Jirani yangu Mulki alilazwa fofofo. Mimi ganzi tu. Hata usingizi nanyimwa?"

Kinanu akacheka. "Mulki alipasuliwa tumbo. Wewe umefura shingo. Nikikulaza fofofo, pumzi inaweza kuziba. Tutakuinua kichwa, tukupe hewa ya mashine, tutie ganzi pale pa kudunga, na dawa kidogo ya kukutuliza. Ukibanwa, sema."

Ikawa hivyo. Daktari mwingine akapitisha waya mwembamba wenye puto dogo la kupanua mshipa.

"Mama Jillo, unanisikia?" Kinanu akauliza.

"Nakusikia. Waqo amekaa na Ubah huko nje?"

Baada ya siku chache uvimbe wa uso ulishuka. Bisharo akalala chali, mashine ikafanya kazi. Ubah alikuwa anamkunjia shuka.

"Uliniuliza kwa nini," Bisharo akamwambia. "Waqo hajawahi kunimiminia mimi."