Sauti Iliyotaka Kuulizwa

Haya yalimkuta mdogo wangu wa kike, kisha yakamkuta mama yangu. Asiyetaka kuamini ana haki yake, simshiki mtu shati. Ila sikusimuliwa. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ya ukumbi, kwenye meza ya mitambo, kando ya mume wangu aliyekuwa fundi wa sauti wa kanisa letu.

Ilikuwa Jumapili kama Jumapili nyingine. Kanisa letu lilikuwa ghala la zamani la mbao, bati juu, viti vya plastiki chini, na harufu ya maranda haikuwahi kutoka ukutani. Mume wangu alifika mapema, akatandaza nyaya, akagonga maiki moja baada ya nyingine, "Haloo, haloo," kazi ile ile ya kila wiki. Mama alikuwa akipanga viti. Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Majoho yote ya kwaya yalitoka mkononi mwake, na kila Jumamosi aliyafua na kuyapiga pasi bila kuombwa na mtu. Mdogo wangu aliimba sauti ya kwanza. Tulimwita Chiriku, kwa sababu hata chakula kikiwa mdomoni alikuwa anaongea.

Mchungaji wetu alikuwa na mtindo wake wa kuombea. Akiletewa mtu mwenye pepo, alimwekea maiki mdomoni. Alimwuliza pepo jina lake, alikotoka, na nani amemtuma, ili ukumbi mzima usikie. "Shetani hana faragha katika nyumba hii!" alipenda kusema, na watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mimi sikuupenda mtindo huo hata kidogo. Waimbaji wetu waligombania maiki wiki nzima, lakini pepo alipewa papo hapo, tena ile nzuri. Nilimwambia mume wangu hivyo, akacheka, akaniambia nipunguze ulimi.

Siku hiyo, katikati ya wimbo, Chiriku alinyamaza. Hakupiga kelele, hakutupa mikono. Wenzake waliendelea kuimba huku yeye akikaa chini polepole, joho likamfunika miguu. Mchungaji alishuka jukwaani, akapiga magoti mbele yake. Alimshika kidevu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamsogezea maiki karibu kabisa, hata tuliokuwa nyuma tukabaki tunaona macho ya Chiriku tu.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Spika zilikoroma kidogo. Kisha sauti ikaja. Haikuwa nzito kama zile tulizozizoea. Ilikuwa sauti ya mtu mpole, wa makamo, anayeongea akiwa amekaa vizuri kitini.

"Afadhali umeniuliza," ilisema.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mume wangu hakushangilia. Pale mezani kila maiki ina taa yake ndogo ya kijani, na mtu akiongea, taa inarukaruka. Mchungaji alipouliza, taa yake ilirukaruka. Sauti ile ilipojibu, taa ilitulia tuli.

"Haipiti kwangu," alininong'oneza.

"Haipiti vipi, na tunaisikia?"

Aliishusha maiki ile mpaka mwisho. Mchungaji aliendelea kuuliza, midomo inacheza, hatusikii neno. Majibu tuliyasikia yote. Sauti ilisema inatoka karibu, ilisema haina haraka, ilisema imefurahi kutembelewa. Watu wa safu za nyuma walianza kugeuka na kutukazia macho, wakidhani ni uzembe, ikabidi mume wangu airudishe.

"Nani amekutuma kwa binti huyu?" Mchungaji alisikika tena.

Bati lilikuwa linalia kwa jua.

"Mama yake."

Mama alikuwa safu ya mbele, ameshika taulo dogo la kumfutia mwanawe jasho. Aliposikia hivyo aligeuka nyuma. Alikuwa anamtafuta huyo mama anayesemwa.

Nilimwona Mchungaji akisita. Hilo ndilo nisilomsamehe mpaka leo. Asiyejua ana nafuu yake, lakini yeye alijua. Mama ndiye aliyefunga na kuomba pamoja naye wakati mkewe alipokuwa mahututi. Mama ndiye aliyemshonea suti aliyokuwa ameivaa siku ile ile. Alisita, akautazama ukumbi uliokwisha kusimama, akaiona hamu iliyokuwa machoni mwa watu. Kisha akamrudishia mdogo wangu maiki mdomoni.

"Sema kwa nguvu," alisema. "Nani?"

Ibada ilipokwisha nilimfuata ofisini. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya jukwaa, kina meza, feni na maboksi ya chupa za maji.

"Mchungaji, si wewe unayetufundisha kwamba shetani ni mwongo?"

"Ni mwongo, dada yangu. Lakini akibanwa na maombi hana ujanja. Lazima aseme kweli."

"Umejuaje?"

"Wamekiri wenyewe," alinijibu. "Wengi tu."

Nilisubiri asikie mwenyewe alichokisema. Hakusikia. Alinifungulia mlango kwa adabu zote, akaniambia Chiriku atabaki hapo kanisani kwa maombi, na kwamba kwa usalama wake ni heri mama asikanyage.

Nani asiyejua mambo hayo yanavyokwenda? Jumatatu asubuhi tuliyakuta majoho ya kwaya mlangoni kwa mama, yamerundikwa chini, mengine yamechanwa. Wateja wake walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, wakidai safari za ghafla. Jirani aliyezoea kumwachia mtoto wake mchanga akienda kazini alianza kuvuka barabara akimwona. Mama aliyakusanya yale majoho, akayashona palipochanika, akayafua, akayakunja. Nilimfokea. Nikamwambia ana moyo wa jiwe au hana akili. Aliniambia nimshikie uzi.

Kanisani watu walifurika. Viti vya kukodi vilijaa mpaka nje. Chiriku aliletwa mbele kila Jumapili, amekonda, macho yametumbukia, na Mchungaji akamwekea maiki. Mwanzoni alikuwa bado anaiamuru ile sauti itoke. Baadaye akasahau. Watu waliuliza nani anawaonea wivu kazini, mke gani anatoka nje, ndoa ya nani ina kasoro, na ile sauti iliwajibu wote kwa upole, bila kuchoka. Waliondoka pale wameridhika na hawasalimiani. Mume wangu alitaka kuacha kazi.

"Usiache, baba," mama alimwambia. "Kaa hapo hapo kwenye swichi yako. Nitakuhitaji."

Alikwenda Jumapili iliyofuata, adhuhuri, mahubiri yakiwa yamepamba moto. Alivaa gauni lake la kawaida. Alipita njia ya katikati, na kila alipopita viti vilivutwa pembeni kwa kishindo. Mtu mmoja alitema mate. Mama alisimama chini ya jukwaa, akanyanyua mkono. Mume wangu akashusha swichi kuu.

Feni zilisimama. Taa zote mezani zilizimika. Mwanga uliobaki ni ule wa madirishani.

"Karibu, mama," ilisema sauti.

Ilitoka kwenye spika. Spika zilizozimwa.

Mama alipanda jukwaani. Aliushika mkono wa Mchungaji, ule unaoshikilia kidevu cha mwanawe, akauondoa. Akausogeza na ule wenye maiki. Ndipo tukauona uso mzima wa Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mdomo ulikuwa umefungwa. Midomo ilikuwa mikavu, imegandana kwa ukoko. Haikuwa imefunguka siku hiyo, na pengine hata Jumapili zote zilizopita.

"Niulize," ilisema sauti.

Mama alitoa lile taulo lake dogo, akalilowesha kwa maji ya chupa, akaanza kumpangusa midomo. Taratibu.

"Niulize, mama. Swali moja tu."

"Sina swali na wewe."

"Niulize kama ni wewe. Wote wako hapa. Wananiamini. Niulize, nami nitasema hapana."

Mama alisimamisha mkono. Nilimwona. Ukumbi mzima ulimwona. Neno moja tu, na majina yote mabaya aliyobandikwa yangefutika pale pale. Wateja wangerudi. Mtoto wa jirani angerudi. Hata mimi nilitamani aulize. Niliuma kanga niliyojitanda ili nisimwulizie.

"Nikikuuliza," mama alisema, "nitakuwa nimekufanya hakimu wangu. Mimi najijua. Na mwingine anayenijua si wewe."

Kisha akaichukua maiki kutoka kwa Mchungaji, akaiziba kwa kiganja, kwa nguvu, jinsi unavyomziba mtoto mdomo asiropoke mbele ya wageni. Spika zilivuma. Vioo vilitikisika. Mama akabana. Uso ulimtoka jasho, akabana tu. Halafu pakawa kimya. Chiriku akafungua mdomo na kuvuta pumzi ndefu, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe.

"Twende nyumbani, mwanangu," mama alisema.

Ningependa kuishia hapo. Wanaosimulia mambo ya imani huwa wanaishia hapo.

Tulimlaza chumbani kwa mama. Alilala mchana kutwa, akaamka, akanywa maji, akalala tena. Alipopata nguvu za kukaa, mama alimletea uji, akaupoza kwa kijiko huku akitabasamu peke yake. Chiriku aliutazama ule uji. Akamtazama mama.

"Mbona hukuuliza?" alisema.

"Nini, mwanangu?"

"Nilikuwa nasikia kila kitu. Ilisema itakusafisha mbele ya watu wote. Neno moja tu." Alikuwa ananong'ona, koo halijapona. "Uliogopa itasema nini, mama?"

Mama alikiweka kijiko chini. Nilimrukia mdogo wangu kwa maneno, nikamwambia yote, mate yakinitoka. Hakunisikiliza. Alikisukuma kikombe cha uji polepole mpaka kikafika ukingoni mwa meza, na tangu hapo hakula chochote kilichoguswa na mama. Kabla wiki haijaisha alihamia kwa mwimbaji mwenzake. Mama alimfungia nguo zake, akampigia pasi na lile joho.

Mama hakumaliza mwaka. Daktari alitaja moyo, na mimi sina la kumbishia. Kiti alichotaka Chiriku awekewe kando ya kitanda chake kilikaa kitupu mpaka mwisho.

Nilimwosha mwenyewe, kwa sababu wanawake wa mtaani walipata udhuru. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi. Nilipoufungua nilikuta kiganja kimejaa vidoti vidogo, vimepangana vizuri kwa duara, kama wavu wa maiki umegandamizwa pale muda huo huo. Nilisugua kwa sabuni. Havikutoka. Nikaushika ule mkono, nikauweka shavuni nikilia, ndipo nikasikia. Mtu alikuwa anavuta pumzi. Polepole. Hakuwa mama. Alikuwa anasubiri.

Sikuuliza kitu. Niliulaza mkono ubavuni kwake, nikaenda chumba cha pili kuchukua nguo za kumvika. Sikukawia. Niliporudi, Chiriku alikuwa amefika. Alikuwa amepiga magoti, analia, amelaza sikio juu ya kiganja cha mama. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Ni yeye aliyekutuma?" nilimsikia akinong'ona. "Ni yeye kweli?"

Niliuvuta ule mkono kwa nguvu mpaka kitanda kikalia. Nilikuwa nimechelewa. Alisimama, machozi yamekwisha kukauka, akanipita mlangoni bila kunigusa. Hakungoja mazishi. Nilipokigeuza kiganja cha mama kilikuwa laini, kitupu, mistari yake ile ile ya kazi.

Sasa mdogo wangu anaimba tena katika ghala lile. Sauti imerudi nzuri kuliko zamani, wanasema, na kila Jumapili watu wanapanga foleni kuongea naye baada ya ibada. Anafunga kitambaa kichwani, kinamshukia mpaka shingoni, hakivui hata kwenye joto. Upepo ulikipeperusha siku moja sokoni, nikaliona sikio lake. Lina vidoti vile vile, vimepangana kwa duara.

Sijui aliambiwa nini juu ya mama. Usiku na mchana natamani kujua, na yeye anafahamu kwamba natamani. Tukikutana njiani hanisalimii. Anasimama tu mbele yangu, mdomo umefungwa, ananitazama kwa upole. Na mimi nasikia, wazi kabisa, sauti ya mtu wa makamo aliyekaa vizuri kitini.

"Niulize, dada."