Njaa Katika Nyumba ya Mvuvi

Zamani za Waingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, aliishi mvuvi mmoja katika kijiji cha Kinjumbi, kaskazini ya Kilwa. Jina lake Maftaha. Samaki aliowapata aliwala na kuwauza. Waliobaki aliwapasua, akawatia chumvi na kuwaanika juani. Samaki hao wakavu huitwa ng'onda. Kila mwezi Maftaha alifunga mzigo wa ng'onda kwenye baiskeli yake, akapanda nao milimani kwa Wamatumbi. Safari yake ilichukua siku nane, pengine kumi.

Mke wake aliitwa Kibibi. Kibibi alilima muhogo na kunde. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Moza, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu. Mama yake Maftaha, Bi Kudra, alikaa nao. Yeye ndiye aliyeshika jiko. Chungu kilipotoka motoni, Bi Kudra ndiye aliyesema nani ale nini.

Kibibi alipopata mimba ya pili, alimwachisha Moza ziwa. Tangu siku hiyo Moza alikula uji wa muhogo asubuhi. Mchana alikula uji wa muhogo. Jioni pia.

"Mama, nimpe samaki kidogo?" Kibibi aliuliza siku moja.

"Samaki humtia mtoto minyoo," Bi Kudra alijibu.

"Na yai je? Kuku wametaga."

"Mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Hukufundishwa kwenu?"

Kibibi akarudi kukoroga uji. Mke kijana habishani na mama mkwe.

Jioni wakubwa walikula wali au ugali, pamoja na kunde na samaki. Kilichobaki kilifunikwa kwa kawa. Asubuhi Bi Kudra alikichukua kiporo hicho, akawamwagia kuku uani. Kuku wa nyumba hiyo walikuwa wanene sana.

Baada ya miezi mitatu uso wa Moza ulikuwa mviringo. Miguu yake ilijaa.

"Mashallah, mtoto ananenepa," Bi Kudra alisema.

Lakini Kibibi hakufurahi. Alipomwogesha mtoto alibonyeza mguu wake, na shimo la kidole likabaki pale pale. Nywele za Moza zilikuwa nyeusi. Sasa zilikuwa nyekundu na nyepesi kama nyuzi za kumbi la nazi. Ngozi ya mapaja ilianza kubambuka. Zaidi ya hayo, Moza alikuwa kimya. Hakucheza, hakucheka, hata kulia hakulia. Alikaa pale alipowekwa.

Maftaha alikuwa safarini. Wanawake walimtazama mtoto kisimani, wakanong'ona. Bi Kudra akasema neno zito mbele yao wote.

"Mjukuu wangu amebemendwa."

Watu walijua maana yake. Waliamini kwamba mama mwenye mtoto mchanga akitoka nje ya ndoa yake, mwili wa mtoto huharibika. Kwa hiyo Bi Kudra alikuwa anasema kwamba Kibibi ana mwanamume mwingine. Wanawake waliacha kuteka maji. Kibibi aliinua mtungi wake ukiwa nusu, akaenda zake.

Maftaha aliporudi, mama yake alimpokea njiani, akamwambia neno lile lile. Alipoingia nyumbani hakukaa.

"Funga nguo zako, Kibibi. Kesho urudi kwenu Somanga."

"Nimefanya nini, baba Moza?"

"Mtoto mwenyewe anaonyesha."

Kibibi alimwinua Moza mkekani. Kisha akasema, "Nitakwenda. Lakini njia ya Somanga inapita mbele ya zahanati. Twende pamoja. Dresa amtazame mtoto. Akisema kosa ni langu, nitaendelea na safari yangu, wala hutanisikia tena."

Maftaha alifikiri. "Haya," akasema.

"Na mimi nakuja," alisema Bi Kudra. "Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Asubuhi wakaenda, Maftaha akisukuma baiskeli yake. Moza alikaa mgongoni kwa mama yake. Mzigo wa nguo za Kibibi ulikuwa kichwani pake.

Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, aliitwa Alfonsi. Alikuwa mtu wa milimani, mpole, mwenye kusema polepole. Alibonyeza mguu wa Moza, akalitazama shimo. Alivuta nywele zake kidogo tu, nazo zikatoka bila mtoto kulia.

"Anakula nini?" aliuliza.

"Uji," alijibu Kibibi.

"Uji wa nini?"

"Wa muhogo."

"Pamoja na nini?"

Bi Kudra alitazama mlangoni. Mwishowe Kibibi akasema, "Pamoja na maji."

Alfonsi alinawa mikono, akaifuta. "Mtoto huyu ana njaa," akasema.

Maftaha alisimama. "Njaa! Dresa, mimi ni mvuvi. Watu wa milimani wanakula samaki kutoka nyumbani kwangu. Njaa itaingiaje kwangu?"

"Kaa, Bwana Maftaha. Sikusema tumbo lake ni tupu. Tumbo limejaa, lakini mwili una njaa. Ukijenga nyumba kwa udongo mtupu, bila miti wala fito, itasimama?"

"Haitasimama."

"Muhogo ni udongo. Samaki, kunde, choroko, karanga, mayai, maziwa, hizo ndizo fito. Alipokuwa ananyonya, alizipata katika ziwa la mama yake. Ziwa likakatika, na nyinyi hamkumpa nyingine. Sasa nyumba inaanguka. Huu si unene. Haya ni maji chini ya ngozi."

Bi Kudra akauliza, "Kwa hiyo hakubemendwa?"

"Bibi, ugonjwa huu nimeuona kwa watoto wa masheikh, nimeuona kwa watoto wa makatekista. Nimeuona katika nyumba za watu wema kabisa. Mama huyu hana kosa. Hakuambiwa tu."

Maftaha aliinama, akauokota mzigo wa nguo za mke wake. Aliufunga kwenye baiskeli yake, kisha akaigeuza baiskeli ikatazama Kinjumbi.

Alfonsi aliwapa maziwa ya unga ya wiki mbili. "Maziwa haya yatakwisha," alisema. "Chakula cha nyumbani hakitakwisha. Mke wangu atakuja kwenu. Yeye ni mkunga, naye anajua mambo ya chungu kuliko mimi."

Keshokutwa yake, jua lilipoanza kupanda, mwanamke alipiga hodi uani. Alikuwa Veronika, mke wa dresa. Wengi walimwita Mama Tomaso, kwa jina la mwanawe.

"Shikamoo, Mama," alimwambia Bi Kudra.

"Marahaba. Karibu."

Bi Kudra alikuwa na sahani mkononi, tayari kuwamwagia kuku. Veronika akasogea. "Mama, kuna nini humo?"

"Kiporo cha jana. Wali, kunde kidogo, na kipande cha samaki, changu wa jana."

"Usikimwage kwanza. Nionyeshe."

Veronika alikinusa chakula. "Kilipikwa lini?"

"Jana jioni, baada ya magharibi."

"Kilikaa wapi?"

"Ndani, penye ubaridi, chini ya kawa. Nzi hawakukigusa."

"Basi ni kizuri. Kingekaa tangu jana mchana, au kingenuka uchachu, ningesema mwage. Na kama kingekuwa na tui, ningeogopa zaidi, maana tui huchacha upesi. Hiki hakina?"

"Hakina. Jana nazi tulikuwa hatuna, imeletwa leo asubuhi."

"Vizuri. Hiki ndicho chakula cha Moza."

Bi Kudra alikunja uso. "Mjukuu wangu ale chakula cha kuku?"

"Hapana, Mama. Kuku ndio waliokuwa wanakula chakula cha mjukuu wako."

Kibibi aliinamisha kichwa asije akaonekana anatabasamu. Bi Kudra alimtazama mgeni sana, kisha akaitazama sahani.

"Jiko ni lako," Veronika aliendelea kwa adabu. "Mimi nitasema, wewe utapika."

Bi Kudra alinawa mikono kwa sabuni, akabandika chungu kidogo. Aliziponda kunde kwa mwiko mpaka zikawa laini. Alimchambua changu kwa vidole, akatoa kila mwiba, kisha akamponda. Akatia wali na maji, akakoroga. Kibibi alichuma majani machache ya mchicha nyuma ya nyumba, akayaosha, akayakatakata sana. Yakaingia chunguni mwishoni. Hawakutia pilipili.

"Sasa kichemke," alisema Veronika. "Kiporo hakipashwi moto nusu nusu. Ngoja mapovu yatokee mpaka katikati. Hapo ndipo vijidudu vinakufa."

Kilipochemka vya kutosha, Kibibi alikuna nazi kidogo, akakamua tui zito vijiko viwili, akatia juu.

"Jioni mkipika," Veronika alisema, "mtoleeni Moza fungu lake kabla ya kutia pilipili. Siku ambayo hakuna samaki, pondeni karanga au choroko. Siku ambayo kuku ametaga, vunjeni yai ndani ya uji unaochemka."

"Yai!" Bi Kudra alishtuka. "Awe mwizi?"

Veronika aliketi karibu na jiko. "Mama, hata kwetu milimani mayai tulikatazwa. Kabla ya Tomaso nilikuwa na mtoto mwingine, Valentini. Alivimba miguu hivi hivi. Mimi nilifurahi, nikasema ananenepa. Nilimlisha uji wa muhogo kwa mikono yangu mpaka siku ya mwisho. Sikuwa na mtu wa kuniambia. Tomaso amekula mayai tangu meno yalipoota. Ana miaka saba, na hajaiba kitu ila sukari."

Bi Kudra aliweka mwiko chini. "Pole, mwanangu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Chakula kilipoa. Kibibi alimpa Moza kijiko kimoja. Moza alikitema. Akampa kingine, akageuza uso.

"Hataki," Kibibi alisema, akakiweka kijiko bakulini.

"Mtoto wa ugonjwa huu hana hamu ya kula," alisema Veronika. "Usimlazimishe, wala usimwache. Vijiko viwili, pumzika. Vijiko viwili tena. Mara tano au sita kwa siku. Pikeni kidogo kidogo, kisikae."

Kibibi akafanya hivyo. Aliacha shamba kwa siku kadhaa, akakaa na bakuli. Maftaha hakwenda milimani mwezi ule. Kila alipotoka pwani, alichagua samaki mmoja laini, akampelekea mama yake jikoni kabla ya kuwapasua wengine.

Siku ya tisa pakatokea hofu. Uvimbe wa Moza ulikuwa umepungua, na chini ya uvimbe mtoto alikuwa mifupa mitupu. Mbavu zilihesabika. Bi Kudra alimwona akiogeshwa, akapiga kelele.

"Mtoto amekwisha! Kabla ya chakula hicho alikuwa na mwili! Maftaha, mwanao anakufa!"

Maftaha aliziona mbavu za mtoto. Alipanda baiskeli bila kusema neno, akaenda mbio mpaka zahanati. Alimkuta Alfonsi anafunga kidonda cha mtu.

"Dresa, mtoto anakonda!"

"Anakojoa sana?"

"Sana. Usiku na mchana."

"Alhamdulillahi, kama msemavyo nyinyi," alisema Alfonsi. "Yale maji yanatoka. Sasa mnaona mwili wake wa kweli. Ulikuwa umekonda siku zote, ila maji yaliuficha. Rudi, ukawaambie wasiache kumlisha. Wakiacha sasa, ndipo atakufa."

Maftaha alirudi, akawaambia. Bi Kudra hakuridhika, lakini hakumwaga chakula. Kibibi aliendelea: vijiko viwili, kupumzika, vijiko viwili.

Siku ya kumi na tatu Kibibi alikuwa anaosha bakuli uani, Moza ameketi juu ya mkeka. Ghafla mtoto alilia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, huku amenyoosha mkono kuelekea bakuli. Kwa wiki nyingi sauti ile haikuwa imesikika nyumbani. Bi Kudra alitoka ndani mbio.

"Ana nini? Ameumia?"

"Anataka chakula, Mama," Kibibi alisema, na sasa yeye ndiye aliyelia.

Bi Kudra akageuka mara moja. Alikwenda kupuliza moto.

Kesho yake alichukua mtungi, akaenda kisimani mwenyewe, ingawa magoti yalimuuma na kwa miaka mingi maji aliletewa. Kibibi alikuwako, pamoja na wanawake wengine. Bi Kudra akasimama katikati yao.

"Nilisema neno hapa juu ya mke wa mwanangu," alisema. "Lilikuwa uongo. Mtoto alikuwa na njaa, na mimi ndiye niliyemnyima. Atakayelirudia neno lile asiseme amelisikia kwangu." Akamgeukia Kibibi. "Mwanangu, unisamehe."

"Nimekusamehe, Mama," alisema Kibibi. Akachukua mtungi wa Bi Kudra, akaujaza, akajitwisha. Wakarudi nyumbani pamoja, polepole, kwa sababu ya magoti.

Jioni ile Maftaha naye aliomba radhi, chumbani, kwa maneno machache. Kibibi alimwambia, "Siku nyingine uniulize mimi kwanza." Maftaha akasema, "Nitakuuliza."

Baadaye wanawake wawili wa Kinjumbi walileta watoto wao wenye miguu ya kuvimba. Bi Kudra mwenyewe aliwapeleka kwa dresa, kisha akawafundisha kuponda kunde, kuchambua samaki na kuchemsha kiporo. Alikuwa mwalimu mkali. Asiyenawa mikono alifukuzwa jikoni.

Mvua za vuli zilipoanza, Kibibi alijifungua mtoto wa kiume, Bakari. Siku ya arobaini nyumba ilijaa wageni. Nywele za Moza zilikuwa zimeota upya, nyeusi. Aliketi kati ya wanawake, na mbele yake palikuwa na sahani yake mwenyewe: wali, choroko na samaki asiye na mwiba. Alikula yote, akainua sahani tupu.

Akapewa tena.