Kesi ya Namba Tisa

Siku ya gulio pale Same, mwaka sabini na nne, upepo ulikuwa umekazana kufunua kila kilichofunikwa, na mdomo wa Ziada ulikwenda mbio kuliko sindano ya cherehani yake. Alikuwa amejifunga khanga ya rangi ya chungwa na kitambaa cha buluu kichwani, rangi za timu ya Upepo, maana binti huyu aliipenda Upepo kuliko baadhi ya waliokuwa wakiichezea.

"Kocha gani anamweka benchi Linus?" alimwambia mteja mmoja aliyesimama kibarazani na furushi la bukta zilizochanika. "Namba tisa wetu, mwenye mabao kumi na moja! Halafu anampanga Tomaso kwa kuwa yeye na huyo Tomaso wametoka Gonja. Tomaso akipewa mpira anautazama kama barua ya mtu mwingine."

"Labda kocha ana sababu zake," alisema mteja. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, na suruali yake ya bugaluu ilikuwa imefagia vumbi la soko zima.

"Sababu anayo, inaitwa undugu. Huyo dresa akaoshe vidonda, mpira awaachie wenyewe. Haya, hizi bukta za nani?"

"Za Upepo."

Ziada akasimamisha cherehani. Kocha huyo mpya alikuwa amemwona kwa mbali tu, ng'ambo ya uwanja; ndipo sasa alipoisikia harufu ya dawa mikononi mwa yule kijana. "Na wewe ni nani?"

"Yahaya, dresa wa zahanati. Vidonda nimeviosha tangu asubuhi, nikaona nipumzike kidogo, nije nitukanwe."

Mwingine angeomba radhi. Ziada, Mpare kwa baba na kwa mama, alipokea furushi akasema, "Uzifuate Jumatano. Na maneno yangu sipunguzi."

Yahaya alikuja Jumatano. Alhamisi akaleta shati lililokatika kifungo. Ijumaa akaleta shati lilelile, kifungo kilekile, amekikata mwenyewe. Masika ilipokwisha wakawa wanatembea pamoja jioni hadi stesheni kutazama treni ya Tanga. Ziada alimwita "kocha wangu mbaya", naye akamwita "fundi wangu mkali". Walipatana kwa kila jambo, isipokuwa namba tisa.

Kisha Upepo wakafungwa matatu bila na timu ya shamba la mkonge, Linus ameketi benchi kama mgeni aliyewahi sherehe. Njiani kurudi, Ziada alimsimamisha Yahaya.

"Niambie mimi peke yangu. Linus hachezi kwa nini?"

"Siwezi, mpenzi."

"Mimi ni nani kwako?"

"Wewe ndiye moyo wangu. Lakini hilo siwezi."

"Basi tutaonana kwa balozi."

Msicheke. Kwingine mashabiki wakikasirika hurusha mawe. Same hufungua kesi. Si husemwa Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku? Mashabiki wakamchagua Ziada awe mdai, na Mzee Eliezeri, balozi wa nyumba kumi, akaandika daftarini kwa wino: kocha anashtakiwa kwa kumficha namba tisa. Kusikilizwa Jumapili.

Alhamisi Yahaya alipita, akasimama nje ya kibaraza kama mtu asiyejuana na mwenye nyumba. "Nimepata barua ya uhamisho, niende Shighatini huko milimani. Nilikuwa nikatae, kwa ajili yako. Wakinihukumu Jumapili, nitakwenda."

Akaondoka. Ziada alilia, na siku hiyo alishona mkono wa gauni mahali pa shingo.

Kesho yake akaja Linus mwenyewe, akiangalia huku na huku. "Dada Ziada, nishonee mkanda wa kitambaa cha marekani, mpana, wa kubana hapa kinenani. Uwe mgumu. Na usimwambie mtu."

Ziada alichukua futi ya kupimia, kisha akaiweka chini. Mkanda wa namna hiyo aliwahi kumshonea baba yake mdogo kabla hajapasuliwa.

"Linus, una ngiri."

Linus akaketi juu ya vitambaa vya watu. "Yahaya ndiye aliyeigundua. Alisema nikicheza, utumbo unaweza kujisokota nife uwanjani. Nikamwapisha asiseme. Dada, nani ataniita namba tisa akisikia habari za kinena changu?"

"Na watu wanavyomtukana, unasikia?"

"Nasikia. Yeye ananiambia nivumilie tu, kitanda kipatikane hospitali ya Gonja nikapasuliwe. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa benchi."

"Mkanda sishoni," Ziada alisema. "Utakwenda Gonja."

"Nitakwenda. Lakini na wewe uniapie."

Akaapa. Usiku kucha aliyahesabu matusi yote aliyompa Yahaya.

Jumapili ua wa Mzee Eliezeri ulijaa rangi ya chungwa na buluu. Ziada akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Naomba kufuta kesi."

Watu wakaguna. "Kwa sababu gani?" balozi aliuliza.

"Siwezi kusema."

"Ameshalainishwa na bugaluu," alisema Mwamvita, muuza vitumbua na kiongozi wa mashabiki, na ua mzima ukacheka. Masikio ya Ziada yalimchoma. Yeye ambaye hajawahi kumeza neno, leo alimeza lile moja ambalo lingemwokoa. Alimtazama Yahaya, na Yahaya akajua kwamba anajua.

"Binti," balozi alisema, "hapa kesi haifutwi, nimeshaiandika kwa wino. Leo leo nitahukumu. Kesi nisiyoigusa ni moja tu, ya mke na mume. Hao huwaambia wakaimalizie ndani."

Yahaya akainuka, akajipangusa vumbi kwenye bugaluu. "Mzee, naomba kesi iahirishwe."

"Hadi lini?"

"Hadi mjomba wangu ashuke kutoka Gonja kupeleka posa kwa baba yake Ziada. Posa ikikubaliwa, kesi hii haitakuhusu tena."

Mzee Eliezeri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mdai anasemaje?"

"Mdai anakubali," alisema Ziada. "Lakini ajue, huko ndani nako sipunguzi."

Mzee Eliezeri akachovya kalamu, akapiga mstari, akaandika pembeni: *Imehamia ndani.*

Walioana kabla ya vuli. Barua ya Shighatini ilijibiwa kwa heshima kwamba dresa ameoa Same. Miezi michache baadaye Linus, aliyesemekana kwenda kumsalimia shangazi yake, alirudi uwanjani na jezi namba tisa, akawafunga watu wa mkonge mabao mawili. Mwamvita alirusha kitumbua hewani, kisha akamgeukia Ziada aliyeketi kando yake.

"Sasa nieleze, shoga. Mtu huyu aliwekwa benchi kwa nini mwaka ule?"

Ziada alimtazama mumewe kule kwenye mstari, akipunga mikono kama kichaa, shati jeupe limejaa vumbi.

"Daftari si ulilisoma?" alisema. "Kesi hiyo ilihamia ndani."